Mwiko wa Udongo

Mama yangu alikuwa mtu wa maneno mengi. Waliomjua miaka yake ya mwisho watanibishia, maana walimkuta kanyamaza, lakini mimi nilibebwa mgongoni mwake nikiisikia sauti yake kabla sijajua maana ya neno lolote. Alisema na kuku. Alisema na moto uliokataa kuwaka. Alisema na chungu akiwa anakifinyanga: "Simama vizuri wewe, unampindia nani?" Baba alikuwa akiwaambia wageni kwamba ukitaka kujua kama mke wake amelala, sikiliza kama nyumba imetulia.

Dada yake, mama yangu mkubwa, alikuwa wa maneno machache, na machache hayo karibu yote yalikuwa utani. Ungeweza kukaa naye asubuhi nzima asiseme kitu, kisha akatoa neno moja ukacheka mpaka jioni, yeye mwenyewe hacheki. Wote wawili walikuwa wafinyanzi. Bibi yangu, mama yao, ndiye aliyewafundisha hapa Kiegei, na miguu yake ilipochoka akawaachia kazi yote. Waligawana. Mama mkubwa ndiye aliyejua udongo: wapi wa kuchimba, uchanganywe na nini, ulale siku ngapi, na ndiye aliyesimamia moto siku ya kuchoma. Mama alifinyanga. Alifinyanga mtungi mkubwa wa maji akiuzunguka kinyumenyume, ameinama, mkono mmoja ndani na mmoja nje, mpaka ukingo ukamfikia kiunoni. Sijamwona mwanamke mwingine akifanya hivyo bila kusimama kunyoosha mgongo.

Kisha wakaja Wazungu wa karanga, waliotaka kuigeuza nchi nzima shamba. Nachingwea ikajaa matrekta na watu wa makabila ambayo hatukuwahi kuyasikia, na pori tulilokuwa tukichuma uyoga likaangushwa kwa minyororo. Wanaume wakapata kazi, mume wangu akiwa mmoja wao, na wakarudi nyumbani na madebe, mapipa na masufuria. Sufuria ya kwanza kuingia jikoni kwangu aliileta yeye, na nakiri niliifurahia kuliko kanga. Chungu ukikigonga kinavunjika, sufuria ukiigonga inalia tu. Haikuchukua muda, hakuna aliyekuja tena kwa mama kuagiza mtungi. Shimo letu la udongo lilifukiwa na tingatinga lililokuwa likipitisha barabara, na nadhani hata aliyeliendesha hakujua kafukia nini. Mama mkubwa akahamia Mbwemkuru, upande wa Ruangwa, alikopata shamba zuri la mtama. Mama akabaki na maneno yake bila dada wa kumtania.

Karanga zenyewe, kila mtu anajua, hazikustawi. Wazungu wakaondoka, mishahara ikaondoka nao, na masufuria yakaanza kutoboka moja moja. Maji ya debe yalikuwa na ladha ya kutu, na mchana yalikuwa ya moto kama ya kuogea mzazi. Ndipo wanawake wakaanza kuukumbuka mtungi. Walimjia mama kwa aibu kidogo, wakamuuliza kama mikono bado ipo.

"Ipo," akasema mama. "Iende wapi?"

Alichimba udongo kwenye mtaro ulioachwa na mashine. Alifinyanga mitungi mitatu, na kwa macho ilikuwa mizuri kama ya zamani. Ilipasuka yote motoni. Akafanya tena, ikapasuka. Mara ya tatu nilikuwa naye, tukasikia milio ndani ya moto, moja, mbili, tatu, na mama hakusema neno kwa muda mrefu, jambo lililonitisha kuliko ile milio. Majivu yalipopoa alikaa chini akaokota vigae kimoja kimoja.

"Mikono yangu inajua nusu tu," akaniambia. "Nusu nyingine iko Mbwemkuru, na nasikia inaumwa kifua. Nikichelewa, kazi ya mama yetu imekufa, na itakuwa imefia mikononi mwangu mimi."

Hilo ndilo lililomkosesha usingizi. Mitungi ya kuuza ilikuwa jambo dogo kwake. Hakutaka kuwa yule ambaye kazi ya mama yake iliishia kwake.

Basi tukaenda, mama na mimi, wakati huo nikiwa mwanamke mzima mwenye mume na watoto wawili. Tulitoka alfajiri, tukafika jua linazama. Mama mkubwa alikuwa amekonda mpaka mabega yalikuwa yamesimama. Alikuwa amekaa barazani kwa binti yake, amejifunika ingawa hapakuwa na baridi. Alituangalia tukitua mizigo, akamtazama mdogo wake kutoka juu hadi chini.

"Mfinyanzi hulia gaeni," akasema, "na wewe naona hata hilo gae huna."

Mama akacheka, kisha akalia, kisha akaanza kusema, na hakunyamaza mpaka tulipolala.

Tulikaa siku nne. Mama mkubwa alifundisha akiwa amekaa, akikohoa, akionyesha kwa kijiti. Udongo wa mtaro, alisema, ni wa kujengea nyumba, si wa kwenda motoni. Wa mtungi unatoka kingo za mto, chini ya ule mweusi, na kabla ya kuuchukua unautafuna: ukisikia mchanga mkubwa menoni, acha. Uchanganye na vigae vya vyungu vya zamani vilivyotwangwa na kuchekechwa, maana kilichokwisha pita motoni humfundisha mwenzake. Uufunike kwa majani, ulale siku tisa. Mtungi ukauke kivulini, usiguswe na upepo. Mama alimkatiza kila mara, "Ndiyo dada, nakumbuka, nakumbuka," na mama mkubwa akasubiri amalize, akaendelea pale pale alipoachia.

Jioni ya mwisho mama akauliza, "Na ule mwiko, dada?"

"Mwiko upi?"

"Wa kutosema njiani. Mimi naona ndio uliovunja mitungi yangu. Ule udongo wa mtaroni niliubeba nikizungumza na kila niliyepishana naye."

Mwiko huo niliujua tangu utoto, ingawa sikuwahi kwenda nao shimoni. Ulikuwa wa nyumba yetu tu, wafinyanzi wengine hawakuwa nao. Mama alisema alifundishwa na dada yake walipokuwa wasichana: udongo una masikio, aliyeubeba kichwani asiseme, asijibu, asigeuke, asitue mpaka aufikishe ndani ya nyumba. Udongo uliosikia maneno hutoa ufa.

Mama mkubwa alimtazama mdogo wake. Niliona pembe ya mdomo wake ikicheza, nikadhani ni kikohozi kinakuja.

"Huo hasa," akasema. "Usijibu mtu. Usitue. Hata ukiambiwa nimekufa, wewe tembea."

Tukacheka sote. Mimi nilicheka kwa sauti kuliko wote.

Kesho yake asubuhi tuliagana, tukapita mtoni, tukachimba na kutafuna na kuchagua mpaka tukapata. Tukajaza vikapu viwili. Mama akaweka ngata kichwani, nikamtwika kikapu chake, nikajitwika changu kwa kukisimamisha kwanza juu ya kichuguu. Alinigeukia akaweka kidole mdomoni. Tukashika njia ya kurudi Kiegei, yeye mbele, mimi nyuma, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu nikatembea na mama yangu bila kusikia sauti yake.

Jua lilikuwa halijafika utosini nilipomsikia mtu akikimbia nyuma yetu. Alikuwa shemeji yangu, mume wa binti wa mama mkubwa, Mmakonde aliyekuja kwa kazi ya karanga akaoa akabaki.

"Mama!" akaita. "Mama, hodi njiani!"

Mama hakugeuka. Shemeji alikuwa mkwe kwake, na mtu mwenye adabu hamzibii njia mama mkwe, wala hamtazami usoni, sembuse kumshika mkono. Akatoka njiani, akaingia kwenye nyasi, akawa anatembea sambamba nasi kwa mbali, ameinamisha kichwa, anahema.

"Mama, nimetumwa. Dada yako anawaita. Anasema mrudi kidogo." Akatafuta maneno. Habari kama ile haisemwi kavu njiani. "Hali yake leo haikuamka vizuri."

Niliona mgongo wa mama ukisimama. Mguu wake mmoja ulikuwa mbele, ukakaa pale. Nikajua anakumbuka maneno ya jana, na pengine alikuwa anajiuliza kama huu nao ni utani wa dada yake, wa kumjaribu kama anaweza kufunga mdomo. Kisha mguu wa nyuma ukafuata. Akaendelea kutembea.

Shemeji akanigeukia mimi. Kwangu hakuwa na adabu ya ukwe. Mimi na yeye tulikuwa watani, tuliitana majina, tuliibiana chakula.

"Shemeji! Sema naye basi. Shemeji, unanisikia?"

Nilimsikia. Kati ya watu watatu waliokuwa pale, ni mimi tu niliyeweza kusema. Yeye alifungwa na ukwe, mama alifungwa na dada yake, na mimi nilifungwa na woga wa kuupasua mtungi wa mama kwa mara ya nne. Nilimtazama machoni, nikatikisa kichwa. Nilitaka aelewe kwamba hatuwezi kusema. Yeye akaelewa kwamba tumekataa kurudi. Alisimama kwenye nyasi, mikono imeanguka, na nilipopiga hatua chache nikasikia nyayo zake zikirudi alikotoka.

Tulifika Kiegei usiku umeshaingia. Mama aliingia ndani, akatua kikapu, akavua ngata, akanawa mikono polepole mpaka maji yakawa safi. Ndipo akasema, "Turudi."

Mume wangu alikataa tusisafiri usiku. Simba walikuwa wakisikika miezi ile. Tulitoka alfajiri, yeye akitusindikiza, na safari hii mama alitembea mbele yetu karibu kukimbia. Kabla hatujaiona nyumba tuliona watu wakitoka upande wa makaburi, wanaume wana udongo kwenye magoti. Walikuwa wamemaliza. Alifariki jana yake mchana, na maiti haisubirishwi.

Mama hakupiga yowe. Wanawake walimpokea, wakamkalisha kwenye mkeka, wakamwambia pole, naye akaitikia pole kana kwamba msiba ni wao. Nilimkasirikia. Leo najua nilikuwa najikasirikia mwenyewe, lakini siku ile hasira ilimtafuta yeye.

Siku ya tatu, tulipomaliza matanga, shemeji aliniita nyuma ya jiko.

"Nina neno," akasema. "Siwezi kumwambia mama, nitaanzaje? Chukua wewe."

Akanieleza. Aliporudi alimwambia mgonjwa kwamba hatukujibu, na kwamba mimi nilitikisa kichwa. Mama mkubwa akamuuliza kama tulikuwa na udongo kichwani. Akasema ndiyo.

"Basi akacheka," shemeji akaniambia. "Shemeji, alicheka mpaka nikaogopa. Akashika kifua. Kisha nikaona ni machozi. Akasema, 'Mwiko gani? Hakuna mwiko. Niliutunga mimi tungali wasichana. Mdogo wangu alikuwa anasema kutoka shimoni mpaka nyumbani, kichwa kinaniuma, nikamwambia udongo una masikio. Nikashangaa kaamini. Kila siku nikasema kesho nitamwambia.' Halafu akanishika hapa, kwenye mkono. Akasema, 'Wakimbilie. Waambie watue. Mwambie mdogo wangu aje aseme anachotaka, leo nitamsikiliza mpaka amalize.' Nilikuwa bado nakunywa maji nikasikia mke wangu analia."

Nilimshika mkono shemeji, nikamwomba asimwambie mtu. Akaapa, na nijuavyo mimi alikishika kiapo chake.

Nilikusudia kumwambia mama tukifika nyumbani. Kisha nikasema nimwache apumzike. Kisha zile siku tisa za kulaza udongo zikaisha, na mama akaanza kufinyanga. Nilikaa mlangoni nikamtazama akizunguka kinyumenyume, kimya, bila hata kumwambia mtungi asimame vizuri. Nikasema nimwache amalize. Mtungi ukakauka kivulini. Siku ya kuchoma, majirani wakaja, hakuna aliyethubutu kukohoa. Moto ukawaka, ukashuka, ukafa, na hatukusikia mlio. Mama alipangusa majivu, akaugonga mtungi kwa kifundo cha kidole, ukaitika kwa sauti nzuri ya ndani.

Wanawake wakapiga vigelegele. Mama akaweka paji la uso kwenye ukingo uliokuwa bado una joto.

"Dada yangu aliniita, sikugeuka," akawaambia. "Ndiyo maana haukupasuka."

Ningemwambia nini baada ya hapo? Mimi nilijua kwamba mtungi ulisimama kwa sababu ya udongo wa mtoni na vigae vilivyotwangwa. Lakini mama alikuwa amempoteza dada yake akapata mtungi, na katika akili yake kimoja kililipia kingine. Ningemwambia ukweli ningemwachia msiba peke yake.

Kazi ikafufuka. Watu walikuja kutoka Mnero, wengine mpaka Ruangwa mjini, kuagiza mitungi, na wasichana wakaja kujifunza. Mama aliwafundisha kila kitu vizuri, na mwiko akaufundisha kwa ukali kuliko vyote. Maneno yake mengine yakawa yanapungua mwaka hadi mwaka. Kwanza alinyamaza njiani, kisha akanyamaza akifinyanga, kisha akaacha kusema na kuku. Wageni wakaona ni mwanamke mtaratibu. Mimi niliona utani wa wasichana wawili ukimla mama yangu, na aliyeuona nilikuwa mimi peke yangu.

Siku moja tulikuwa wanawake sita kwenye njia ya kutoka mtoni, na mmoja alikuwa na mtoto mchanga mgongoni. Mtoto akaanza kulia. Akalia sana, kile kilio cha kukauka koo, na mama yake akatembea na machozi yanamtoka, hathubutu hata kusema "nyamaza". Nilivumilia. Nikavumilia tena. Kisha nikashindwa, nikaanza kumbembeleza kwa sauti, "Nyamaza baba, nyamaza, tunafika." Mtoto akanyamaza. Mbele, mama alisimama kidogo, akaendelea.

Tulipofika alikuja moja kwa moja kwangu, akachukua kikapu changu, akakimwaga uani mbele ya wote.

"Mimi niliitwa na dada yangu sikujibu," akasema. "Wewe unashindwa na mtoto wa mtu?"

Nilifungua mdomo. Hasira ilikuwa imenipanda mpaka masikio yakawaka, hasira kwake, kwa mama mkubwa na utani wake, kwa shemeji aliyenitwika mzigo usio wangu. Neno lilikuwa mlangoni. Kisha nikaona amekikumbatia kile kikapu kitupu kifuani, nikafunga mdomo. Nilichukua jembe, nikaukusanya ule udongo, nikautupa nyuma ya nyumba.

Aliugua mwishoni mwa miaka ile ya hamsini, kifua kama dada yake. Nilimuuguza mwenyewe. Asubuhi moja nilikuwa nimemwosha, nimemkalisha ukutani penye jua, nami nimekaa chini karibu naye. Alikuwa hajasema siku mbili.

"Mwanangu," akasema.

"Labeka, mama."

"Siku ile. Dada alitaka kuniambia nini?"

Alinitazama kama mtu anayeuliza njia, bila kulia, bila kunishuku. Nilikuwa na jibu lake mwaka baada ya mwaka, neno kwa neno, mpaka yale ya mwisho: aje aseme anachotaka, leo nitamsikiliza. Hatukuwa njiani, hapakuwa na kikapu kichwani wala udongo wa kusikia, na hapakuwa na mtu wa kunisikia ila yeye. Nilitazama miguu yangu.

Alisubiri kidogo. Kisha akaitikia kwa kichwa, polepole, kama alivyokuwa akiwaitikia wanafunzi wake waliofika nyumbani bila kusema neno, akafumba macho juani. Alifariki kabla ya mwezi kuisha, hakuuliza tena.